"Will" au "would"? Jibu kwa katibu anayeandika muhtasari wa kikao kwa Kiingereza

Swali limetoka kwa katibu wa SACCOS moja mkoani Morogoro. Chama chao kinasaidiwa na shirika la nje, na shirika hilo linataka muhtasari wa kila kikao uandikwe kwa Kiingereza, ingawa wajumbe wanajadili kwa Kiswahili tangu mwanzo hadi mwisho. Katika kikao kimoja mwenyekiti alisema: "Tutanunua kiwanja cha Kihonda mwezi ujao. Nimeshaongea na mwenyewe, na yuko tayari kusubiri." Katibu akaandika: "The chairman said that we will buy the Kihonda plot next month. He said he has already spoken to the owner and the owner is ready to wait." Mhasibu alipopitia muhtasari akageuza kila "will" kuwa "would", "has" kuwa "had" na "is" kuwa "was". Katibu anauliza: "Mwalimu, mwenye kiwanja hajabadili mawazo, mpaka leo anatusubiri. Nikiandika 'was ready', si nimesema kwamba alikuwa tayari na sasa hataki tena? Na mbona gazetini nasoma 'The minister said the road is safe'? Mimi na mhasibu, nani yuko sahihi?"

Ndugu katibu, kwenye hizo sentensi mbili mhasibu yuko sahihi. Ila nadhani hakukueleza sababu, na kanuni hii bila sababu yake itakusumbua kila kikao. Hofu yako kuhusu "was" ndiyo hofu ya karibu kila Mswahili anayeandika Kiingereza, kwa hiyo nitaanzia hapo.

Mtu anaporipoti maneno ya mwenzake kuna nyakati mbili mezani: wakati ule maneno yaliposemwa, na wakati huu yanaporipotiwa. Kila lugha inabidi ichague itasoma saa ya nani. Kiswahili husoma saa ya msemaji wa kwanza. Mtu akikupigia simu Jumatatu akasema "naumwa", wewe Ijumaa utasema: "Jumatatu aliniambia anaumwa." Hiyo "-na-" haisemi anaumwa Ijumaa, inasema alikuwa anaumwa pale pale aliposema. Ukisema "aliniambia alikuwa anaumwa", maana imeshahama: aliumwa kabla ya kupiga simu, na huenda alipopiga alikuwa ameshapona. Tunalijua hili bila kufundishwa na mtu.

Kiingereza husoma saa ya anayeripoti. Anayeripoti amesimama Ijumaa, na Jumatatu imeshapita, basi kila kilichokuwa kweli Jumatatu anakiona nyuma yake, na kitenzi kinakwenda huko nyuma: "On Monday she told me she was ill." Ile "was" haina kazi nyingine zaidi ya kusema kwamba jambo lilikuwa hivyo wakati wa simu. Kama sasa anaumwa au amepona, sentensi haigusi kabisa.

Hii si kasoro ya Kiswahili wala ujanja wa Waingereza. Kirusi na Kijapani navyo huachia njeo, yaani wakati wa kitenzi, ya msemaji wa kwanza kama tunavyofanya sisi. Kifaransa kiko upande wa Kiingereza: wasomaji wa Kongo na Burundi waliosomea Kifaransa wanaandika "Il a dit qu'il était malade", na hawapaswi kuona ajabu yoyote katika "He said he was ill".

Kwa hiyo jibu la swali lako la kwanza: "The owner was ready to wait" haimaanishi hayuko tayari tena. Waingereza wenyewe, wakisahau jina la mgeni aliyekaa mbele yao, huuliza: "What did you say your name was?" Jina halijabadilika tangu mgeni alipojitambulisha. "Was" imekuja kwa sababu tu "did you say" iko nyuma. Mwenye kiwanja wako yuko salama ndani ya "was".

Kwa kuwa unasikia Kiswahili na kuandika Kiingereza, una njia nyepesi kuliko ile ya vitabuni inayokuanzishia kwenye sentensi ya Kiingereza. Sikiliza kiambishi cha njeo kinachokuja baada ya "alisema". Alisema ananunua: "he said he was buying". Alisema amenunua: "he said he had bought". Alisema atanunua: "he said he would buy". Alisema anaweza kununua: "he said he could buy". Yaani "-na-" inakuwa wakati uliopita, "-me-" inakuwa "had", na "-ta-" inakuwa "would". "Nimeshaongea" ya mwenyekiti imeangukia hapo hapo: "he had already spoken".

Nimeiacha "-li-" makusudi, kwa sababu inataka uangalifu zaidi. Shuleni tunafundishwa kwamba wakati uliopita hugeuka kuwa "had" siku zote, na matokeo yake ni ripoti zilizojaa "had" mpaka msomaji anachoka. Ukweli unategemea kitenzi chenyewe. Kama ni tendo lililofanyika likaisha, na hasa kama tarehe ipo, "had" si lazima. Mjumbe akisema "nilinunua hisa 2015", unaweza kuandika "She said she had bought shares in 2015" au "She said she bought shares in 2015", zote ni Kiingereza safi na maana ni ile ile. Lakini kitenzi kikieleza hali, kama kuwa, kuishi, kujua au kuwa na kitu, hapo "had" ndiyo inayolinda maana. Mjumbe akisema "nilikuwa mweka hazina", ukaandika "She said she was the treasurer", msomaji ataelewa kwamba siku ya kikao alikuwa bado mweka hazina, kwa sababu hivyo ndivyo ungeandika kama angesema "mimi ni mweka hazina". Lazima uandike "She said she had been the treasurer". Katika chama cha fedha, kosa la namna hii linaweza kumbebesha mtu dhamana ya hesabu ambazo alishazikabidhi kwa mwingine.

Sasa gazeti. "The minister said the road is safe" si kosa. Kiingereza kinamruhusu anayeripoti aache wakati uliopo kama jambo bado liko hivyo hivyo anapoandika, na anaona hivyo mwenyewe. Mwandishi wa gazeti anaandika jioni kwa ajili ya msomaji wa kesho asubuhi, na barabara ni ile ile, ndiyo maana "is" inakaa vizuri. Vivyo hivyo "The minister said the bridge will open in July" inakubalika madhali Julai haijafika. Lakini angalia kinachotokea: anayeandika "is" anaingia kidogo ndani ya maneno ya waziri na kuyashika mkono. Anayeandika "was" anayaacha yawe ya waziri mwenyewe. Hamdhihaki wala hamtilii shaka, anamnukuu tu. Ndiyo sababu Mwingereza ataandika kwamba Ptolemy wa Alexandria, mtaalamu wa nyota wa kale, aliamini "that the earth was the centre of the universe". Akiweka "is" hapo, atasikika kana kwamba naye anaamini hivyo. Kwa Copernicus, mtaalamu wa nyota aliyechapisha hoja yake 1543, anaweza kuandika "that the earth goes round the sun" au "went round", kwa sababu jambo lenyewe tunalikubali mpaka leo.

Kuna na sababu nyingine ya magazeti kuwa na wakati uliopo mwingi: vichwa vya habari na sentensi za "says". Kitenzi cha kuripoti kikiwa chenyewe kiko wakati uliopo, "says" au "has said", hakuna kinachosogea nyuma. "The minister says the road is safe" haina njia nyingine.

Muhtasari wa kikao si gazeti. Utasomwa na mkaguzi mwakani, na mfadhili atausoma akiwa hajui lolote zaidi ya kilichoandikwa. Akikuta "the owner is ready to wait" miezi kumi baada ya kikao, atakuwa na haki ya kudhani kwamba katibu mwenyewe anathibitisha hivyo. Na je, kama mwenye kiwanja ameshauza kwa mwingine? Kwa hiyo katika muhtasari usiitumie ruhusa hiyo ya magazeti. Maneno ya wajumbe yote yarudi nyuma.

Nasema maneno ya wajumbe, kwa sababu hapa ndipo mhasibu alipokosea kama kweli aligeuza kila "will". Muhtasari una sentensi ambazo hazikusemwa na mjumbe yeyote. Ni za katibu. "The next meeting will be held on Saturday, 12 July" ni tangazo lako wewe kwa msomaji, wala hakuna "said" inayolitawala. Hiyo "will" irudishe mahali pake.

Vitenzi visaidizi vingine nitavipita haraka. "May" inakuwa "might", "shall" ya kuomba ushauri inakuwa "should". "Would", "could", "should", "might" na "ought to" vimeshakuwa nyuma, havina pa kwenda, viache. "Must" ya wajibu hugeuka "had to": "He said that every member had to pay by Friday". Lakini "must" ya kukisia, kama "lazima benki imefunga", hubaki: "He said the bank must be closed". Sentensi za "ningekuwa na fedha ningenunua" nazo haziguswi.

Maneno ya siku na mahali yasikupe taabu, kwa sababu Kiswahili hufanya jambo lile lile. Kesho ya msemaji huwa kesho yake, "the following day". Jana huwa jana yake, "the day before". Mwezi ujao huwa mwezi uliofuata, "the following month", na "ago" huwa "earlier" au "before". Muhimu ni kutogeuza kama mashine. Kama mwenyekiti amesema leo asubuhi "nitakuja kesho" na wewe unaripoti leo mchana, kesho bado ni kesho: "He said he would come tomorrow." Wanafunzi wengi wanakariri jedwali la upande wa kushoto na kulia bila kuuliza ripoti inatolewa lini na wapi, na mtihani unawapa alama kwa hilo. Nje ya mtihani sentensi zao zinapotosha. Katika muhtasari, dawa bora ni kuweka tarehe yenyewe au jina la mwezi.

Nafsi nayo inafuata anayeripoti. "We" yako katika "the chairman said that we will buy" inamweka katibu ndani ya mkataba. Andika "the society".

Twende kwenye maswali, maana wajumbe wenu bila shaka wanauliza. Tuseme mmoja aliuliza: "Kwa nini tunahitaji kiwanja cha pili? Ofisi ya ardhi iliidhinisha kile cha kwanza?" Mswahili aliyefundishwa vizuri kwamba swali la Kiingereza hugeuza mpangilio, "why do we need", "where is he", huupeleka mpangilio huo hata ndani ya ripoti, akaandika "He asked why did the society need" au "She asked me where was I going". Ndani ya ripoti, swali si swali tena. Linarudi kwenye mpangilio wa sentensi ya kawaida, "do" na "did" zinaondoka, na alama ya kuuliza inaondoka: "One member asked why the society needed a second plot." Swali la ndiyo au hapana linaingia kwa "if" au "whether", pale ambapo sisi tunaweka neno "kama": "He also asked whether the land office had approved the first one." Katika maandishi rasmi chagua "whether".

Amri na maombi ndipo Kiswahili na Kiingereza vinapoachana kwa umbo. Sisi tunatumia ile "-e" ya mwisho: aliniambia ningoje, aliwaomba wasiondoke. Kiingereza hutumia mtendewa akifuatwa na "to": "He told me to wait", "He asked them not to leave". "He told me I wait" ni Kiswahili kilichovaa maneno ya Kiingereza. Na uangalie tendo, usiangalie umbo la sentensi. Mwenyekiti akisema "Mweka hazina anaweza kutuletea taarifa ya benki kesho?", hiyo ina alama ya kuuliza lakini ni ombi, hakuna aliyeuliza kuhusu uwezo wa mweka hazina. Usiandike "asked whether the treasurer could bring". Andika "asked the treasurer to bring the bank statement the following day".

Kwa vitenzi vya kupendekeza na kuazimia, ile "-e" yetu inarudi kwa heshima zote. Kamati ilipendekeza mkopo uidhinishwe: "The committee recommended that the loan be approved." Mjumbe alipendekeza kamati itembelee kiwanja: "A member suggested that the committee visit the plot." Hakuna "-s" kwenye "visit", hakuna "is" wala "was" mahali pa "be". Umbo hili linawapa tabu hata Waingereza, ambao wengi wao huongeza "should" ili kulikwepa: "that the loan should be approved". Zote zinafaa. Isiyofaa ni "suggested us to visit", ambayo naiona katika ripoti nyingi za Afrika Mashariki.

"Say" na "tell" ni kama sema na ambia. Huwezi kuambia bila mtu, na "tell" vivyo hivyo: "told the members", kamwe si "told that". Na kama ambavyo Kiswahili hakisemi "alisema mimi", Kiingereza hakisemi "he said me". Zaidi ya hapo nakusihi usikimbilie vitenzi vya mapambo. "Admitted" humaanisha mtu amekiri, na mara nyingi amekiri kosa; "claimed" ni kudai, na kunadokeza kwamba katibu haamini. Mweka hazina aliyetoa tu maelezo ya hesabu akijikuta ameandikiwa "admitted", kikao kijacho kitakuwa cha ugomvi. "Said" haimchoshi mtu katika muhtasari. Pale tendo lenyewe lilipokuwa dhahiri, "promised", "agreed", "warned" na "thanked" vinatosha.

Muhtasari wako basi ungesomeka hivi: "The chairman said that the society would buy the Kihonda plot the following month. He had already spoken to the owner, who was ready to wait. He asked the treasurer to bring the bank statement the following day. One member asked why the society needed a second plot, and whether the land office had approved the first one. Another suggested that the committee visit the plot before any payment was made."

Tazama sentensi ya pili. Haina "said" popote, na bado msomaji wa Kiingereza anajua kwamba ni mwenyekiti anayeendelea kusema. Kinachomwambia ni "had" na "was". Njeo ikisharudi nyuma inashikilia maneno yote mpaka msemaji mwingine aingie, na wewe huna haja ya kurudia "he said" kwenye kila mstari. Mijadala ya Bunge la Uingereza katika karne ya 19 mara nyingi ilichapishwa hivyo, hotuba nzima kwa nafsi ya tatu na wakati uliopita. Kuanzia 1909, Bunge lenyewe lilipochukua kazi ya kuichapisha, ndipo maneno ya wabunge yakawa yanatolewa kwa nafsi ya kwanza kama yalivyosemwa. Mihtasari ya vikao imebaki na mtindo ule wa zamani kwa sababu unabana maneno mengi katika nafasi ndogo bila kumpoteza msemaji. Ndiyo maana "is" moja iliyosahaulika katikati ya aya ina madhara kuliko inavyoonekana: kuanzia hapo msomaji hajui tena kama anayesema ni mwenyekiti au ni wewe.